Mwanamke wa Chumba cha Tatu

Nilipanda ngazi nikiwa mchumba wa mtu. Nilipoikunja jioni na kuiegemeza ukutani, nilikuwa mwanamke mwenye macho mekundu na nyundo mkononi, basi.

Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo Jumba la Sanaa halipokei wageni. Mimi ni fundi wa fremu pale, mwaka wa saba sasa. Kazi yangu ni kupima, kukata mbao, kuvisha picha fremu na kuzitundika zikae sawa. Picha ikiinama upana wa kidole tu, hakosekani mzee wa kusimama mbele yake na shingo upande, kisha aende kumlalamikia mlinzi.

Mwezi ule tulikuwa na shughuli kubwa. Mabango yalikuwa yamebandikwa mjini kote: Mwezi Huu Katika Jumba la Sanaa. Alhamisi, ufunguzi wa maonyesho ya marehemu mchoraji, vyumba vitatu vizima. Kila Jumamosi asubuhi, watoto kufundishwa kuchora. Jumapili ya mwisho, mazungumzo juu ya maisha yake, na mwanawe wa pekee angesimama kuzungumza.

Huyo mwanawe wa pekee ndiye aliyekuwa mchumba wangu.

Yeye hakurithi hata tone la rangi. Ni mwalimu wa hesabu. Miezi minane kabla ya siku ile alizileta Jumbani picha za baba yake kwa gari la kuazima, zikiwa zimefungwa kwa kamba iliyozungushwa kama bandeji ya mtu aliyeungua. Nikamwambia, "Hesabu unaweza, lakini kufunga mzigo, hapana." Akacheka, akanipa ncha ya kamba. "Basi nifundishe, Fundi." Tangu hapo mimi nikawa Fundi, yeye Mwalimu, na majina yetu ya kuzaliwa tukawaachia watu wengine.

Mama yake alinipenda. Alikuwa mjane mpole, mwenye sauti ndogo, na kila nilipokwenda kwake alinishika kidevu na kuniangalia. "Sura hii naijua," angesema. "Sijui niliiona wapi." Mwalimu angemjibu, "Umeiona Jumapili iliyopita, mama," na sote tungecheka. Jumapili iliyokuwa inakuja, mjomba wake angefika nyumbani kwetu kuleta posa.

Kisha ikatokea habari ya chumba cha tatu.

Picha tulizokuwa nazo zilijaa vyumba viwili tu. Mkurugenzi wetu, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Bwana Haraka kwa jinsi anavyotembea, alimwomba Mwalimu atafute nyingine. Mwalimu akaenda kwenye chumba cha kazi cha marehemu, akakuta nyuma ya kabati furushi limefungwa kwa blanketi. Akalileta kama lilivyo, bila kulifungua. Bwana Haraka akalifungua yeye mwenyewe, akapiga ukelele ulionifanya niangushe penseli.

Zilikuwa picha kumi na moja, na zote za mwanamke mmoja. Mwanamke anachana nywele. Mwanamke amelala ubavu, anacheka. Mwanamke anatunga uzi kwenye sindano, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. "Hizi ndizo!" akasema Bwana Haraka. "Za kule mbele ni kazi ya mikono. Hizi ni kazi ya moyo!" Akachukua ile ya kwanza na kukimbia nayo kwa wapiga chapa ikawekwe kwenye bango jipya, akaniacha nipime fremu.

Nikainama na futi yangu, nikaangalia ule ulimi uliotokeza pembeni ya mdomo. Nikakaa sakafuni.

Alikuwa mama yangu.

Ijumaa hiyo hiyo, kabla hata sijavua viatu, nilimsimamia mama mbele ya cherehani yake. Mama ni mshonaji. Nimekua nikisikia cherehani ile kama watoto wengine wanavyosikia redio.

"Mama, Mjomba Rangi alikuwa nani?"

Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. Mjomba Rangi lilikuwa jina nililompa mwenyewe, nikiwa na miaka sita, saba. Mtu mrefu mwenye ndevu aliyekuwa akija Jumatano mchana akinukia tapentaini ya kuoshea brashi, akanipa kipande cha mkaa nichore sakafuni ili nisiwasumbue wakubwa.

"Kwa nini unamuuliza leo?"

"Kwa sababu nimeona picha zako, mama. Kumi na moja. Alhamisi mji mzima utaziona."

Mama akaondoa kitambaa kwenye sindano taratibu, akakikunja mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo kama barua.

"Aliniambia alizichoma," akasema.

"Miezi minane nakwambia namtengenezea fremu yule mchoraji. Miezi minane nakwambia nampenda mwanawe. Ukanyamaza!"

"Uliingia hapa unacheka, mwanangu. Tangu baba yako afe sijakuona unacheka namna ile. Nikasema, picha hazipo, mtu mwenyewe kafa, nani atajua? Acha mtoto acheke."

"Ulijua ana mke?"

"Nilijua." Hakuinamisha macho. "Sitakudanganya kwamba sikujua. Nilikuwa mjane wa miaka ishirini na tisa, nyumba kimya, halafu akaja mtu akaniangalia kama vile mimi ni kitu kinachostahili kuangaliwa. Miaka mitatu. Kisha Jumatano moja hakuja, na iliyofuata hakuja, nikaelewa." Akanishika mkono. "Usimwambie huyo kijana. Nakuomba."

Lakini ningemwambia. Nilijipangia hivyo Jumamosi nzima na Jumapili nzima: Jumatatu saa kumi, akitoka shuleni, nitamkalisha kwenye benchi la chumba cha tatu na kumwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla hajasikia kwa mwingine.

Mama yake Mwalimu akanitangulia. Alifika saa nane.

Mlinzi alimfungulia kwa kuwa picha zote ni za mumewe. Nilikuwa juu ya ngazi, nikitundika picha ya tisa, na nilisikia hatua zake ndogo zikivuka chumba cha kwanza, cha pili, bila kusimama popote. Alipoingia alikuwa ameshika bango. Alilibandua ukutani mahali fulani, maana lilichanika pembe mbili na gundi ilikuwa bado mbichi kwenye vidole vyake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. Alizunguka chumba kwa macho, picha moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya moto. Kisha macho yakafika kwangu. Nilikuwa nimesimama uso kwa uso na picha ya tisa, shavu langu karibu na shavu la mama yangu.

"Usishuke," akasema. "Geuka kidogo. Huku."

Nikageuka.

"Sasa niangalie."

Nikamwangalia. Bango likaanguka.

"Ni nani yako?"

Ningeweza kusema sijui. Watu wanafanana. Ningeweza kusema shangazi, ningeweza kucheka. Nilimwona anavyonisubiri nidanganye, na nadhani alikuwa ananiomba nidanganye.

"Ni mama yangu."

Akatafuta benchi kwa mkono, akakaa. Mimi nikashuka, nikapiga magoti mbele yake. Sikujua pa kuiweka mikono yangu.

"Nimejua Ijumaa, mama. Nakuapia. Leo ningemwambia Mwalimu."

"Nakuamini," akasema. Na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba aliniamini hapo hapo. "Hilo furushi nililiona siku arobaini baada ya kumzika. Nililifungua, nikazitazama zote, nikalifunga. Nikalisukuma nyuma ya kabati. Nikasema nitazichoma kesho. Unajua nimesema nitazichoma kesho kwa muda gani?"

"Kwa nini hukuzichoma?"

"Kwa sababu ni nzuri." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mimi nimeishi na mchoraji miaka thelathini. Najua picha nzuri. Unafikiri mimi alinichora mara ngapi? Mara moja. Akafika kwenye mikono akaacha. Kila mwaka namuuliza, baba, mikono yangu vipi? Nitaimalizia, mke wangu. Nitaimalizia." Akaitazama mikono yake iliyojaa gundi. "Huyu amemchora mpaka kucha."

Nilitoa kitambaa mfukoni nikaanza kumfuta gundi vidoleni, kimoja kimoja, naye akaniachia.

"Wewe huna kosa," akasema. "Nisikilize vizuri. Huna kosa hata kidogo, na mimi nilishakuita mkwe wangu moyoni. Lakini mama yako atakuja harusini. Atakaa nami meza moja. Akizaliwa mtoto, tutampakata kwa zamu. Na wewe mwenyewe kila ukiniletea kikombe cha chai nitakuwa namwona yeye ananiletea. Nimejaribu kujilazimisha hapa hapa nilipokaa. Nimeshindwa, mwanangu. Siwezi."

Akainuka. Alipofika mlangoni akageuka mara ya mwisho kuzitazama picha, si mimi.

"Waache wazitundike," akasema. "Ni zake hizi. Zilizobaki zote alizichora kwa ajili ya watu."

Saa kumi na dakika chache Mwalimu aliingia mbio, chaki imemjaa kwenye mkono wa shati. Alishakutana na mama yake, aliyekuwa akimsubiri langoni. Alisimama katikati ya chumba akipumua kwa nguvu, na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile nililojiuliza mimi Ijumaa, sakafuni, futi mkononi.

"Fundi, niambie kitu kimoja tu kwanza. Wewe na mimi..."

"Hapana," nikamkata. "Hapana, Mwalimu. Baba yako alianza kuja kwetu nikiwa na miaka sita. Ona." Nikampeleka kwenye picha ya tisa. Pale chini, nyuma ya kiti, kuna mtoto wa kike amelala kifudifudi anachora sakafuni, mapengo mawili mbele. "Huyo ni mimi. Baba yangu namjua, na kaburi lake nalijua."

Akafunika uso kwa mikono miwili. Alipoitoa, chaki ilikuwa imempaka kwenye nyusi. Siku nyingine ningecheka, ningemfuta.

"Basi hakuna kitu kinachotuzuia," akasema.

"Mama yako amesema hawezi."

"Mama atazoea."

"Atazoea nini? Tangu baba yako azikwe anajaribu kuzoea."

"Kwa hiyo baba yangu akosee, mama yako akosee, halafu tuadhibiwe sisi?" Sauti yake ilipanda, ikarudi kutoka kwenye kuta. "Mimi nilikuwa mtoto! Wewe ulikuwa na mapengo! Tulifanya nini?"

"Hatukufanya kitu."

"Basi nioe, Fundi. Yaani, nikuoe. Hata kuongea siwezi." Akanishika mabega. "Nimefikiria njiani. Twende tukafunge ndoa kimyakimya, mashahidi wawili, tumalize. Tutakaa upande ule mwingine wa mji. Mama hahitaji kujua sasa hivi. Nitakuwa naenda kwake peke yangu kila Jumapili, nitakaa naye mchana, jioni narudi kwako. Akiniuliza nitasema naishi na mwalimu mwenzangu. Mwaka mmoja, miwili, moyo wake ukitulia..."

Alikuwa anaongea haraka, macho yanang'aa, kama anavyokuwa akipata jibu la hesabu ngumu. Na mimi nilikuwa namtazama nikimpenda. Nataka hilo lijulikane. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile, na chaki yake kwenye nyusi.

"Mwalimu," nikasema. "Jisikilize."

"Nini?"

"Siku moja ya wiki kwa huyu, siku sita kwa yule. Nyumba mbili. Uongo wa kwenda nao na uongo wa kurudi nao."

Hakuelewa mara moja. Kisha nikaona amenielewa. Mikono ikaniachia mabega taratibu, akageuka akatazama ukuta, mama yangu anacheka, mama yangu anachana nywele, mama yangu amemwangalia mtu ambaye hayupo kwenye picha.

"Baba alikuwa akisema anakwenda kununua rangi," akasema kwa sauti ya chini. "Kila Jumatano. Mimi nilikuwa namsindikiza mpaka barabarani."

"Najua. Alikuja kwetu na hizo rangi."

"Mimi si yeye."

"Wewe si yeye. Na ndiyo maana sitakubali nikufanye uwe yeye."

"Usinichagulie!" akafoka. "Kila mtu ananichagulia! Wewe umeshaamua, mama ameshaamua..."

"Basi chagua wewe." Nikamwonyesha mlango. "Nenda sasa hivi kwa mama yako. Mwambie mchana kweupe: namuoa binti wa yule mwanamke, utake usitake, na harusini mama yake atakaa mbele. Ukirudi umemwambia hivyo, nitakufuata popote, hata leo. Lakini mwambie wewe. Machoni."

Akafungua mdomo. Nilisubiri. Nilisubiri huku najua, maana niliviona vidole vya mama yake, vile vya gundi, na yeye amevijua tangu azaliwe. Mwanamke yule hana mume, hana mtoto mwingine, hana mtu duniani ila mwalimu wa hesabu anayejua kumpikia uji akiumwa.

Alifunga mdomo. Machozi yakamtoka, akayaacha yashuke.

"Siwezi kumfanyia hivyo," akasema.

"Najua, mpenzi wangu. Hata mimi nisingeweza."

Tulikaa kwenye benchi, bega kwa bega, mpaka mlinzi alipopita akigonga funguo zake mapajani, akatuona, akarudi alikotoka kwa ncha za vidole. Mwalimu akaniuliza nimebakiza picha ngapi. Mbili, nikamwambia. Akavua koti. Akanishikia ngazi, nikazitundika zote mbili, na hakuna aliyesema neno isipokuwa yeye, mara moja, akiwa chini, kwa sauti ya mtu aliyelemewa: "Kushoto kidogo, Fundi. Hapo. Imekaa."

Maonyesho yakafunguliwa Alhamisi. Watu walijaa, na chumba cha tatu kilijaa kuliko vyote. Walisimama mbele ya mama yangu wakanong'ona, alikuwa nani, alimpenda, hakumpenda, na mimi nikapita katikati yao na kitambaa cha kufutia vioo. Jumapili mjomba mtu hakuja na posa. Jumapili ya mwisho Mwalimu hakuja kuzungumza. Bwana Haraka alisoma karatasi aliyotumiwa, yenye mistari sita, na mstari wa mwisho ulisema familia inawashukuru wafanyakazi wote wa Jumba la Sanaa kwa uangalifu wao.

Mwezi ulipokwisha alikuja kuchukua picha. Amehamia shule ya mbali, akaniambia, na mama yake anakwenda naye, nyumba wameifunga. Alikuwa amekonda. Tulifunga picha pamoja kwa kuwa kazi ile haifanywi na mtu mmoja, mmoja anyanyue, mwingine azungushe karatasi. Alitia sahihi kwenye fomu, mimi nikatia yangu chini yake. Akasimama akitaka kusema jambo.

"Kula vizuri," nikamwambia, kwa sababu sikupata lingine.

"Na wewe."

Akaondoka. Nilisikia gari likiwaka, likasita pale langoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha likaenda. Nikachukua puti na mwiko mdogo, nikaanza kuziba matundu ya misumari, maana chumba kilitakiwa na wengine.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Mama alikuwa hashoni. Tangu Ijumaa ile tulikuwa tukisalimiana na kuulizana chumvi iko wapi, si zaidi. Aliponiona mlangoni alijua. Akasogea kwenye kiti kirefu, nikakaa, nikalaza kichwa mapajani mwake kama mtoto, na hasira yote niliyokuwa nimemwekea ikaisha nguvu.

"Kaja kuzichukua?" akauliza.

"Kaja."

"Zote?"

"Zote, mama."

Akanishika nywele. Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania zamu ya baiskeli.

"Alipoacha kuja," nikamuuliza, "ilikuchukua muda gani kumsahau?"

Mkono wake ukasimama juu ya kichwa changu.

"Nani kakwambia nimemsahau?"